Feni za rejeta: tazama presha kabla ya taa

Wateja wanaokuja kufungiwa kompyuta inayopozwa kwa maji huwa wameshalipia rejeta (kipoza maji chenye mapezi, kinachopulizwa na feni) na pampu, na hela iliyobaki ya feni ni ndogo. Wengi hapo huokota pakiti ya feni tatu zenye taa za rangi. Inaniuma, kwa sababu kwa hela hiyohiyo, au kwa kuongeza kidogo, wangepata feni zinazofanya kazi kwelikweli.

Ukigeuza boksi la feni nzuri utakuta namba mbili. Ya kwanza ni kiasi cha hewa, kwa futi za ujazo kwa dakika (CFM). Hiyo hupimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote mbele yake. Ya pili ni presha, kwa milimita za maji (mmH2O), na hiyo hupimwa njia ya hewa ikiwa imezibwa kabisa. Feni ya rejeta inaishi katikati ya hali hizo mbili, maana inasukuma hewa ipenye kwenye mapezi membamba yaliyobanana. Feni yenye CFM kubwa na presha ndogo inafaa kwenye uwazi wa kasha. Kwenye rejeta, hewa inagota na kurudi pembeni.

Kwa feni ya milimita 120, mimi natafuta presha ya 2 mmH2O au zaidi. Arctic P12 inatoa 2.2 kwa mizunguko 1,800 kwa dakika. Noctua NF-A12x25, ambayo wengi wanaiona ndiyo kipimo cha ubora, inatoa 2.34 kwa mizunguko 2,000. Noctua ni feni bora na imetulia zaidi masikioni, silipingi hilo. Lakini P12 huuzwa pia kwa pakiti ya feni tano, na bei ya pakiti hiyo mara nyingi inakaribia ya Noctua moja. Kwa mwenye rejeta ya milimita 360, inayohitaji feni tatu, sioni cha kujadili.

Kama boksi halina namba ya presha, shika feni mkononi. Angalia mapanga: yawe mapana, na nafasi kati ya ncha zake na fremu iwe nyembamba, kwa sababu hewa iliyosukumwa huvujia hapo kurudi nyuma. Uliza pia beringi. Feni ikilazwa juu ya kasha, beringi ya bushi ya kawaida huchakaa mapema na kuanza kukwaruza. Ya mafuta, inayoandikwa FDB, hustahimili zaidi. Plagi iwe ya pini nne, ili madabodi (bodi kuu ya kompyuta) iweze kupandisha na kushusha mwendo. Ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye pawasapulai haina namna hiyo: mara nyingi itazunguka kwa nguvu zote mchana na usiku.

Kuhusu mwendo, kumbuka maji hayawezi kupoa chini ya joto la chumba. Dar es Salaam, chumba kikiwa na nyuzi 32, maji yatakuwa juu ya hapo hata ufunge feni gani. Tena maji hupata joto taratibu, wakati prosesa huruka nyuzi kadhaa kwa sekunde moja. Ukiziacha feni zifuate prosesa, zitapanda na kushuka kila ukifungua programu. Kama mfumo wako hauna kipima joto cha maji, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uongeze muda wa feni kuchelewa kuitikia. Feni nyingi za bei nafuu zina mwendo fulani zinapovuma kwa sauti ya kukera. Ukishaujua, panga mwendo uuruke.

Wakati wa kufunga, tumia skrubu zilizokuja na rejeta. Feni ya unene wa milimita 25 kwa kawaida inataka skrubu ya milimita 30, na kwenye rejeta nyingi mirija ya maji ipo karibu sana na tundu la skrubu. Skrubu ikigota kabla feni haijakaza, usiilazimishe. Itoe, utafute fupi zaidi.