Je, wajua kwa nini kilo moja ya ziada kwenye baiskeli haisikiki ukienda Ahero, lakini ukipanda Maseno unaisikia?

Ukitoka Kisumu kwenda Ahero kwa baiskeli, barabara imelala kama mkeka. Uwanda wa Kano hauna kilima cha kukutoa jasho. Kinachokusumbua huko ni upepo na malori. Sasa geuza usukani uelekee Busia. Pita Otonglo, fika Kisian, na mambo yanabadilika. Lami inapanda, inatulia kidogo, inapanda tena, mpaka uone alama ya Ikweta pale Maseno. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, na Maseno ni kama mita 1,500. Hizo mita 370 hivi ndizo zinazowafanya vijana wengi wenye baiskeli za mbio za mtumba waniulize swali lile lile: nibadilishe kipuri gani kwanza ili baiskeli iwe nyepesi nipande vizuri?

Nimelijibu vibaya swali hilo kwa miaka, kwa mdomo na kwa pesa zangu mwenyewe, kwa hiyo leo nataka kulijibu sawasawa.

Kwenye barabara tambarare, nguvu yako nyingi inaliwa na hewa. Ukifika kilomita 30 kwa saa, unachosukuma hasa ni ukuta wa upepo, na hewa haiulizi uzani wako, inauliza tu umekaaje na umevaa nini. Uzani unaingia kwa mlango mdogo, kupitia tairi linavyobonyea na kubingirika. Fikiria mtu amefunga kamba nyuma ya kiti chako na anakuvuta kinyume. Kilo moja ya ziada, kwenye lami tambarare, inaongeza mvuto wa kamba ile kwa kama gramu 5. Hicho ni kijiko cha chai cha sukari.

Mlimani hesabu ni nyingine. Mwinuko wa asilimia 6 maana yake ni kwamba kila ukienda mita 100 mbele, umejibeba mita 6 juu. Hapo kilo ile ile inavuta kamba kwa gramu 60 zaidi, na hizo gramu 5 za tairi bado zipo. Gramu 60 ni yai moja la kuku. Kutoka kijiko cha sukari hadi yai: ndiyo sababu kilo isiyosikika Ahero inasikika Kisian.

Lakini usikimbilie dukani bado. Mimi nina kilo 68, baiskeli yangu ilikuwa na kilo 11, na maji, nguo, pampu na simu vinafika kilo 2. Jumla 81. Kwenye mwinuko huo wa asilimia 6, kamba yote inanivuta kwa karibu kilo 5. Nikitoa kilo moja kwenye baiskeli, nimeondoa yai moja kwenye karibu trei tatu za mayai. Kama upandaji wote unanichukua dakika 35, ninaokoa sekunde 20 hadi 25. Ni kitu halisi, kinapimika, na anayeshindana na mwenzake atakitaka. Ila hakitamtoa mtu kwenye kusukuma baiskeli kwa mguu na kumweka kwenye kuipanda mpaka juu.

Hata waendesha baiskeli wa kulipwa wamewekewa kikomo. Tangu mwaka 2000 shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, haliruhusu baiskeli ya mashindano kuwa chini ya kilo 6.8. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuanza kujifunza mchezo huu hapa Kenya, alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017 kikomo hicho kikiwepo. Wote waliompinga walikuwa huru kufika kilo zile zile 6.8. Tofauti ilikuwa kwenye miguu na mapafu.

Basi uzani wa kupunguza uko wapi? Niliifungua baiskeli yangu yote siku moja ya Jumapili, nikatia vipuri kwenye kikapu, nikampelekea mama anayeuza samaki karibu na kwetu, kwa kuwa ana mizani ndogo ya betri inayosoma mpaka gramu. Alicheka akanipimia kimoja kimoja, kati ya mteja wa omena na mteja wa ngege. Foku ya chuma, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilizidi kilo moja. Foku ya kaboni huwa nusu ya hapo au chini. Rimu mbili na habu zake za katikati, bila matairi, zilikaribia kilo 2 na gramu 200. Tairi moja la waya ndani ya ukingo lilikuwa na gramu 380, wakati tairi zuri la kukunjika la upana huo linacheza kwenye 230. Tyubu ya kawaida ilipita gramu 100, na siku hizi kuna tyubu za plastiki laini zenye gramu 40 au chini. Chupa yangu ya maji ikijaa ilikuwa karibu gramu 850. Nilikuwa nabeba mbili, na njia ile ina vituo vya soko kila baada ya kilomita chache. Tangu siku hiyo nabeba moja na kuijaza njiani. Upungufu mkubwa wa uzani niliowahi kuupata kwa siku moja haukunigharimu hata shilingi.

Kuna usemi utausikia kwa kila mwendesha baiskeli: gramu moja kwenye gurudumu ni sawa na gramu mbili kwenye fremu. Una ukweli, ila unatumiwa mahali pasipo pake. Unapoongeza kasi, gurudumu lazima lisogee mbele na pia lizunguke, kwa hiyo gramu iliyoko ukingoni, kwenye rimu na tairi, inadai nguvu karibu mara mbili. Ukiwa unapanda polepole kwa mwendo mmoja huongezi kasi. Gramu ni gramu, iwe kwenye spoku au chini ya kiti. Magurudumu mepesi yanachangamka unaposimama kwenye pedeli kumfuata mtu, na raha hiyo naijua na kuipenda. Lakini mtu akikuuzia kwa hoja kwamba yatakupandisha mlima mara mbili zaidi, mwambie akuoneshe hesabu.

Tairi ni jambo jingine, na hapa nawaomba mnisikilize. Tairi gumu la bei ya chini, kwenye lami yetu yenye kokoto, linaweza kula gramu 8 za mvuto kwa kila kilo inayolikalia. Tairi zuri lenye mpira laini na nyuzi nyembamba linakula 5, hata 4. Kwangu mimi na kilo zangu 81, tofauti ya gramu 3 kwa kila kilo inafika karibu gramu 240. Kumbuka yai letu la gramu 60. Kubadilisha matairi mawili mabaya kwa mawili mazuri ni sawa na kutoa kilo 4 kwenye baiskeli katika mwinuko wa asilimia 6, na faida hiyo unaipata hata ukienda Ahero, kwa sababu kubingirika hakungoji kilima. Hakuna foku wala kiti kitakachokupa hivyo kwa pesa hiyo. Chagua lenye utepe wa kuzuia miiba na vipande vya chupa, hata kama utepe unaongeza gramu 20 au 30. Na usilijaze upepo mpaka liwe kama jiwe. Kwenye lami mbaya tairi lililojaa kupita kiasi linakurusha badala ya kubingirika.

Sasa nije kwenye kilichonipandisha mimi.

Kuna fundi mzee hapa mjini aliyetengeneza baiskeli tangu enzi za bodaboda za kukanyaga, ule usafiri uliozaliwa mpakani Busia miaka ya 1960 ukaenea magharibi yote. Amezikunja na kuzinyoosha Black Mamba, zile baiskeli nyeusi za chuma zenye gia moja tu, mpaka mikono yake ikakomaa. Nilimpelekea baiskeli yangu nikiwa nimeshatoa kilo moja na nusu na bado nashuka kuisukuma mahali pakali.

Aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedeli, akahesabu meno kwa kidole. "Mwanangu, hapa mbele una 39, na huku nyuma kubwa kabisa ni 25. Hii ni ya mtu wa mbio za Ulaya. Sisi na Mamba zetu tulikuwa tunamwambia abiria ashuke mlimani. Wewe utamwambia nani ashuke?"

"Si niipunguze uzani zaidi, mzee?"

"Utapunguza mpaka ubebe usukani peke yake. Punguza mzigo wa goti."

Nilifanya hesabu nyumbani. Mahali penye mwinuko wa asilimia 8, nguvu zangu za kawaida zinanipa kama kilomita 8 na nusu kwa saa. Kwa 39 mbele na 25 nyuma, miguu inazunguka mara 43 kwa dakika. Hapo kila mkanyago ni kama kupanda ngazi mbili kwa wakati mmoja: goti linalia, paja linaganda, unashuka. Kwa kaseti, lile rundo la gia za nyuma, ambayo gia yake kubwa ina meno 32, kasi ile ile inakupa mizunguko 56. Ukibadilisha na kranki, ile mikono ya pedeli na gia zake za mbele, ukapata 34 mbele, mizunguko inakuwa 64, na mwili unaweza kuendelea hivyo nusu saa. Nguvu ni ile ile na kasi ni ile ile, ila sasa imegawanywa katika mikanyago mingi midogo ambayo moyo na mapafu vinaimudu.

Ile kaseti kubwa ilikuwa nzito kuliko ya zamani. Nilihitaji pia cheni ndefu kidogo, na kile kifaa cha nyuma cha kuhamisha cheni nikakibadilisha, kwa sababu changu cha mkono mfupi kisingefikia meno 32. Baiskeli iliongezeka uzani, na kwa mara ya kwanza nikapanda kutoka Kisian hadi Maseno bila kuweka mguu chini.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, nasema gia kwanza, kisha matairi na tyubu, kisha magurudumu ikiwa mfuko unaruhusu. Foku, kiti na nguzo ya kiti vije mwisho, na fremu kama umepata pesa ya kununua baiskeli nyingine. Usukani mwepesi sana na breki nyembamba mimi sivigusi kabisa, kwa kuwa ndivyo vinavyobaki kati yako na lori.

Ukinunua kipuri cha "kaboni", nenda na mizani. Niliwahi kununua nguzo ya kiti dukani kwa bei ya mbuzi mzima, nyeusi, inang'aa, imeandikwa kaboni ubavuni. Yule mama wa samaki akaipima: gramu 340. Ya zamani ya alumini ilikuwa 310. Nilipokwaruza chini kwa kisu, ngozi nyembamba ya kaboni ilibanduka na alumini ikachungulia ndani. Duka halikukubali kuipokea tena. Na kaboni halisi nayo ina adabu yake: ikikazwa na spana kwa nguvu za kukaza chuma inapasuka, mara nyingine ndani usipopaona, kwa hiyo fuata kipimo kilichoandikwa karibu na skrubu.

Halafu kuna kurudi. Mita zote ulizopanda zinakusubiri kwenye mteremko, na breki za rimu zinageuza mita hizo kuwa joto. Rimu za kaboni za bei ya chini zimewahi kulainika kwa joto hilo, na tyubu za plastiki nyepesi nazo hazilipendi, hasa mtu akishikilia breki mfululizo kutoka juu mpaka chini. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, acha upepo upoze, bana tena, ukibadilishana ya mbele na ya nyuma. Mimi husimama kabla ya mteremko wa mwisho wa kuingia Kisian, ziwa likiwa limetandaa pale chini, nasogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Ikiwa kiganja kinahisi joto, nakunywa maji yaliyobaki kwenye ile chupa moja, nangoja dakika mbili, ndipo nashuka.