Bamvua na maji mafu: maana yake na chanzo chake

Kwa mtu aliyezaliwa pwani, neno bamvua halihitaji kufafanuliwa, kwa maana amelisikia kabla hajajua kuhesabu. Kwa aliyekulia Dodoma, Kisumu au Goma, neno hilo mara nyingi humfikia pamoja na habari za bahari kuingia majumbani, naye hulichukua kuwa ni jina la mafuriko. Hiyo ni nusu ya maana, tena nusu ndogo. Bamvua ni kipindi cha siku chache, kinachorudi mara mbili katika kila mwezi mwandamo, ambapo bahari hujaa kuliko siku nyingine na, katika siku hizohizo, hupwa kuliko siku nyingine. Kinyume chake ni maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa kidogo na kupwa kidogo, hata mgeni akisimama ufukweni huweza kudhani kwamba bahari haijasogea tangu asubuhi. Anayelieleza bamvua kwa kujaa peke yake ameuacha upande ambao wachokoaji wa pweza na wakulima wa mwani wanautegemea kwa riziki yao.

Msingi wa yote mawili ni kupwa na kujaa. Neno pwani lenyewe limejengwa juu ya kitenzi kupwa: ni pale maji yanapopwa, ukanda wa ardhi ambao bahari huufunika na kuufunua. Kutoka shina hilohilo tuna kupwelewa, neno la mabaharia kwa chombo kilichoachwa na maji kikalala ubavu juu ya mchanga. Katika pwani ya Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Dakika hizo 50 zinatokana na mwendo wa mwezi. Dunia inapokamilisha mzunguko wake wa siku moja, mwezi nao umekwisha kusogea mbele katika njia yake, na dunia inalazimika kuendelea kuzunguka kidogo ili mahali palepale pauelekee tena. Ndiyo maana maji yaliyojaa leo saa 8 mchana, kesho yatajaa karibu saa 9.

Kwamba mwezi ndio unaoongoza maji, watu wa bahari walilijua kwa kuangalia, karne nyingi kabla ya kuwapo maelezo ya sababu. Maelezo hayo yalitolewa na Isaac Newton mwaka 1687, katika kitabu chake kuhusu kanuni za mwendo na mvutano. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400 kutoka kwetu, na mvutano wake hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Upande wa dunia unaouelekea mwezi huvutwa kwa nguvu kubwa kidogo kuliko kiini cha dunia, na kiini nacho huvutwa kwa nguvu kubwa kidogo kuliko upande wa nyuma. Maji ya mbele kwa hiyo hutangulia, na maji ya nyuma huachwa. Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo wanafunzi wengi huuliza na mara nyingi hujibiwa vibaya: kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku wakati mwezi ni mmoja? Kinachoinua maji si mvutano wenyewe bali ni tofauti ya mvutano kati ya upande na upande, na tofauti hiyo huonekana mbele na nyuma ya dunia kwa pamoja.

Jua nalo linavuta. Uzito wake ni karibu mara milioni 27 ya uzito wa mwezi, lakini liko mbali karibu mara 390 zaidi. Nguvu ya kuinua maji hupungua upesi sana kwa umbali: umbali ukiwa maradufu, nguvu hiyo haishuki hadi nusu wala robo, bali hadi sehemu moja ya nane. Ukizidisha 390 kwa 390 na tena kwa 390, unapata karibu milioni 59. Gawanya milioni 27 kwa milioni 59, na jibu ni karibu 0.46. Kwa maneno mengine, jua, pamoja na ukubwa wake wote, huinua maji kwa kiasi kisichofika nusu ya mwezi.

Hesabu hiyo ndogo inatosha kutufikisha kwenye bamvua. Mwezi unapoandama, jua na mwezi huwa upande mmoja wa dunia; mwezi unapokuwa mpevu, huwa pande mbili zinazokabiliana. Katika hali zote mbili vimo katika mstari mmoja na nguvu zao hujumlishwa: 1 na 0.46, jumla 1.46. Mwezi unapokuwa nusu, iwe unakua au unapungua, jua huvuta kwa kukata njia ya mwezi, likitaka kujaza pale mwezi unapotaka kupwisha, na nguvu hupunguzana: 1 kutoa 0.46, baki 0.54. Bamvua basi linapaswa kuwa na nguvu karibu mara 2.7 ya maji mafu. Bahari ya Zanzibar na Dar es Salaam haiko mbali na hesabu hiyo, kwa kuwa siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, ilhali siku za maji mafu hubaki mita moja na kidogo. Mimi naona ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu anaweza kukaa na kalamu na karatasi, akiwa na namba mbili tu za jua na mwezi, akapata kipimo ambacho mvuvi anakisoma kwenye nguzo ya gati.

Kwa kuwa mwezi mwandamo una siku 29 na nusu, bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili hivi. Halifiki kilele siku ileile mwezi unapopangika na jua. Bahari ni nzito, hukawia siku moja au mbili. Nao mwezi huonekana machweoni siku moja au mbili baada ya mpangilio huo, kwa hiyo anayehesabu kwa kalenda ya Kiislamu hana haja ya kusahihisha chochote: siku za mwanzo wa mwezi na siku baada ya tarehe 15 ni za bamvua, na siku baada ya tarehe 8 na tarehe 22 ni za maji mafu. Kutokana na hilo kuna jambo ambalo watu wengi wa pwani wameliona maisha yao yote pengine bila kulitaja. Idi ya mwezi mosi Shawwal, yaani Idul-Fitri, huwa daima siku ya bamvua. Idul-Adha, kwa kuwa ni tarehe 10 Dhulhaji, huangukia daima maji mafu au karibu yake.

Kuna na la saa. Kwa sababu bamvua hutokea mwezi na jua vikiwa katika mpangilio uleule, mahali pamoja huwa na saa zake za bamvua ambazo hazibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Unguja maji ya bamvua hujaa mnamo saa 10 hadi saa 11, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa 4 hadi saa 5, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa utosini, maji ya Unguja bado yanapanda na huchukua karibu saa nne nyingine kufikia ukomo, kwa kuwa mabara huyazuia na kina cha bahari huyachelewesha. Laplace, Mfaransa wa karne ya 18, ndiye aliyeonyesha kwamba bahari lazima ihesabiwe kama maji yanayosafiri ndani ya mabonde yake, si kama nundu inayomfuata mwezi bila kipingamizi. Saa za maji mafu ni kinyume: maji hujaa kidogo katikati ya asubuhi na kupwa kidogo alasiri.

Saa hizo zimepanga kazi za watu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika pwani ya mashariki ya Unguja, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Shamba la mwani huwekwa mahali ambapo, hata maji yakipwa kabisa siku za bamvua, hubaki kina cha kifundo cha mguu au cha goti, ili mwani usikauke kwa jua. Ikifika saa 3 asubuhi utawaona wakishuka, kanga zimefungwa kiunoni, vigingi vimebebwa kichwani. Kamba hufungwa kati ya vigingi viwili, na juu yake vipande vya mbegu huning'inizwa kwa vijikamba, kimoja baada ya kingine, mgongo umeinama na maji ya chumvi yakipiga mashavu ya miguu. Baada ya saa chache maji huanza kurudi. Hayaji kwa wimbi. Huingia kwanza kwenye mifereji ya mchanga, yakizunguka nyuma ya mtu aliyezama katika kazi yake, na aliyekuwa amesimama kwenye kifundo anashtuka yamefika pajani. Siku za maji mafu shamba hilohilo halifunuliwi, na mkulima hubaki nyumbani akikausha alichovuna.

Vivyo hivyo kwa anayechokoa pweza. Matundu yenye pweza wengi yako ukingoni mwa mwamba, sehemu ambayo hutoka majini wakati wa bamvua tu. Fundi wa jahazi naye anasubiri siku hizo. Chombo kikielea hadi juu kabisa ya ufuko kwenye maji ya bamvua, maji yakipwa hukaa pakavu, mafundi wakakwangua chini, wakakalafati nyufa kwa pamba na mafuta, wakapaka shahamu na chokaa. Fundi anayechelewa kumaliza hadi maji mafu hana njia ya kukishua chombo chake, kwa kuwa maji hayafiki tena pale kilipolala, na itambidi angoje bamvua la pili. Kwa wavuvi wa mshipi, kwa upande mwingine, maji mafu yana neema yake: mkondo huwa mpole na chambo hutulia chini.

Maji mafu yaliyopuuzwa yameua watu. Tarehe 20 Novemba 1943 wanamaji wa Marekani walikishambulia kisiwa cha Betio, katika atoli (visiwa vya matumbawe vilivyojipanga kama pete) ya Tarawa kwenye Bahari ya Pasifiki, kilichokuwa mikononi mwa Wajapani. Mashua zao zilihitaji kina cha mita moja na kidogo ili kuvuka mwamba unaokizunguka kisiwa. Siku hiyo mwezi ulikuwa nusu, tena ulikuwa karibu na sehemu ya mbali kabisa ya njia yake, na maji yalikaa chini kwa saa nyingi bila kupanda kama ilivyotarajiwa. Mashua zilikwama juu ya mwamba, na askari wakatembea majini mamia ya mita huku wakipigwa risasi. Katika siku tatu za vita hivyo Wamarekani zaidi ya 1,000 walikufa. Mwaka 1987 mwanafizikia Donald Olson alihesabu nafasi ya mwezi wa siku ile na kuonyesha kwamba maji mafu yalikutana na umbali mkubwa wa mwezi.

Umbali huo ndio unaofanya mabamvua yasilingane. Njia ya mwezi si duara kamili: mara hukaribia hadi kilomita 363,000 hivi, mara huenda hadi kilomita 405,000 hivi, na kati ya hali hizo mbili nguvu yake ya kuinua maji hutofautiana kwa zaidi ya theluthi. Bamvua linaloangukia siku za mwezi kuwa karibu huwa kubwa. Aidha, karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, wakati usiku na mchana hulingana, jua huwa juu ya ikweta na huongeza nguvu yake, na mabamvua ya Machi na Aprili, na ya Septemba na Oktoba, ndiyo makubwa zaidi ya mwaka.

Yote haya hujulikana mapema, na mamlaka za bandari huyachapa katika jedwali la mwaka mzima. Kisichojulikana mapema ni upepo na mvua. Dhoruba ikisukuma bahari kuelekea nchi kavu siku ya maji mafu, mara nyingi haionekani kuwa na athari. Ikifika saa 10 alasiri ya bamvua la Aprili, mvua za masika zikiwa zimejaza mito na maji ya mito yakikosa pa kutokea, bahari huingia mitaani, na hapo ndipo neno bamvua hufika kwenye taarifa ya habari. Mtu anayenunua kiwanja cha ufukweni mwezi Julai, siku ya maji mafu, anaonyeshwa mchanga mkavu mpana na kuambiwa kwamba bahari haifiki. Alama ya kuitafuta ipo nyuma zaidi, mara nyingi chini ya mikadi au minazi ya mwisho: mstari mwembamba wa majani ya bahari yaliyokauka, vifuu na vipande vya kamba, ulioachwa na bamvua la mwezi wa nne.