Picha ya bilioni 500 na swali la sadaka: ufafanuzi kwa wananchi

Novemba 18, 2025, picha ya Elisabeth Lederer iliyochorwa na Gustav Klimt, mchoraji wa Austria, iliuzwa kwa dola milioni 236.4 kwenye mnada wa Sotheby's jijini New York. Tangu hapo dawati letu la elimu kwa umma limekuwa likipokea swali lilelile kwa sura nyingi: inakuwaje mtu atoe zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa turubai moja ilhali wapo wagonjwa wanaokosa dawa? Wengi wanauliza kwa uchungu, na uchungu huo tunauheshimu. Wengine wanakuja na jibu lao tayari, kwamba sanaa ni ujanja wa kukwepa kodi, na wakishasema hivyo hawasikii tena. Nitawafikia.

Kwanza, fedha ya mnadani haijateketea. Imetoka mkono huu imeingia mkono ule, na aliyeitoa amebaki na mali. Tajiri wa kiwango hicho haweki picha fungu moja na sadaka. Anaiweka fungu moja na hisa, majengo na dhahabu. Klimt alifariki mwaka 1918, hivyo picha zake haziongezeki, ila wanaozitaka wanaongezeka. Akihitaji fedha taslimu, mwenye picha anaweza kukopa benki kwa kuiweka dhamana bila kuiuza, na asipouza hakuna kodi ya faida. Heshima nayo imo, maana hati ya hisa haitundikwi sebuleni. Na wapo wanaoipenda sanaa kwa moyo wote, jambo ambalo sisi watu wa sheria huwa tunalisahau.

Pili, mpaka kati ya picha na sadaka si mnene kama unavyodhaniwa. Picha hiyo ya Klimt ilitoka kwenye mkusanyiko wa Leonard Lauder, wa familia ya vipodozi ya Estée Lauder, aliyefariki Juni 2025. Mwaka 2013 mtu huyohuyo aliahidi kuyapa Makumbusho ya Metropolitan ya New York kazi 78 za Picasso, Braque, Gris na Léger. Mkusanyiko wa Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, ulinadiwa na kampuni ya mnada ya Christie's Novemba 2022 kwa zaidi ya dola bilioni 1.6, na mapato yake yakaelekezwa kwenye misaada kwa mujibu wa wosia wake. Sheria ya kodi ya Marekani haitofautishi makumbusho na hospitali ya hisani: zote zinaweza kupokea msaada wenye nafuu ya kodi. Kwa hiyo anayepeleka picha makumbusho, mbele ya sheria ametoa sadaka.

Sasa wale wa kukwepa kodi. Madai yao ni kwamba unanunua picha kwa milioni moja, rafiki yako mthamini anaandika milioni kumi, unaitoa msaada, hudaiwi kodi. Tafadhali, tusomane vizuri hapa. Kwa sheria ya Marekani, ukiitoa picha kabla hujaimiliki kwa zaidi ya mwaka, unachoruhusiwa kukata kwenye pato lako linalotozwa kodi hakizidi bei uliyonunulia. Ukishavuka mwaka unaweza kukata thamani ya soko, lakini anayepokea lazima aitumie kwa shughuli iliyomfanya asajiliwe. Picha ikipewa hospitali ili iuzwe, unarudi kwenye bei ya kununulia. Kiasi cha kukata kwa mwaka hakizidi asilimia 30 ya pato, na kinachobaki kinasogezwa mbele kwa miaka mitano tu. Fomu ya kudai nafuu hiyo ni namba 8283. Msaada unaozidi dola 5,000 unahitaji ripoti ya mthamini anayekidhi vigezo, isiyoandikwa zaidi ya siku 60 kabla ya kukabidhi. Kazi ya sanaa ya dola 20,000 na zaidi, ripoti nzima inaambatishwa. Mpokeaji akiiuza ndani ya miaka mitatu, anajaza fomu 8282 ndani ya siku 125. Mamlaka ya kodi ya Marekani ina pia jopo la wataalamu wa sanaa, lililoanza mwaka 1968, linalopitia thamani bila kuambiwa mlipakodi ni nani. Thamani ikitiwa chumvi ikafika asilimia 150 ya ile halisi, adhabu ni asilimia 20 ya kodi iliyopungua. Ikifika asilimia 200, adhabu ni 40.

Chukua mtu aliyenunua kwa dola milioni 1, picha sasa ni milioni 50. Akiiuza, kodi ya serikali kuu kwa faida ya aina hiyo ni hadi asilimia 28, hivyo abaki na takriban milioni 36. Akiitoa makumbusho, nafuu yake ya kodi haizidi asilimia 35 ya thamani, yaani milioni 17.5. Ametoa kweli. Ila tusifiche upande wa pili: hizo milioni 17.5 ni fedha ambazo hazina ya Marekani ingezikusanya, na sasa mtoaji ndiye aliyeamua ziende makumbusho badala ya zahanati. Mwenye hoja kuhusu haki aanzie hapo, kwa watunga sheria. Kulaumu bei ya mnadani hakutamsaidia.

Kinachotusumbua zaidi sisi ni usiri. Picha inaweza kukaa miaka kwenye maghala huru ya Geneva, ushuru ukiwa umesitishwa, huku ikibadilisha mmiliki bila kuhama chumba. Mwaka 2020 ripoti ya Seneti ya Marekani ilionyesha kazi za sanaa za zaidi ya dola milioni 18 zilizonunuliwa kupitia kampuni zilizohusishwa na ndugu wawili Warusi waliokuwa chini ya vikwazo. Januari mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulianza kuwataka wauzaji wa sanaa wamtambue mteja kwenye mauzo ya kuanzia yuro 10,000. Juni 2025, mahakama jijini London ilimfunga dalali mmoja wa sanaa miaka miwili na nusu kwa kumuuzia mtu aliyeshukiwa kufadhili ugaidi bila kutoa taarifa.

Kwa wenye maduka ya sanaa hapa Tanzania: Sheria ya Kuzuia Utakasishaji Fedha Haramu ya mwaka 2006 inawataja wauzaji wa kazi za sanaa miongoni mwa watoa taarifa, yaani wanaopaswa kuripoti miamala ya kutilia shaka. Haijalishi unauza Tingatinga au kinyago cha Kimakonde. Mteja akitaka jina lake lisionekane, au alipiwe na kampuni isiyojulikana wamiliki wake, mtambue kwanza. Ukishamtilia shaka, taarifa inapaswa kufika Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu ndani ya saa 24, ikiwezekana kabla hujampa mzigo, na hauruhusiwi kumdokeza kwamba umemripoti.