Dhana Potofu kuhusu Mzaha na Ukosoaji Barazani Lamu

"Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo."

Huu ni mzaha, tena mzuri. Ubaya wake ni kwamba wako wanaousimulia kama historia. Mgeni akiutoa kwenye baraza yoyote ya mawe Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, watu watacheka kwa adabu, halafu mzee mmoja atauliza polepole: "Na kabla hakijazaliwa, mama yake alikuwa akikaa wapi?"

Ukweli ni kwamba Kiunguja kilichaguliwa. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na lahaja ya Unguja ikakubaliwa iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kukisanifisha. Kuchaguliwa na kuzaliwa ni mambo mawili mbalimbali. Zaidi ya karne moja kabla ya mkutano huo, tungo ndefu zilikuwa zikinakiliwa kwa herufi za Kiarabu katika visiwa vya Lamu, kwa lahaja za huku kaskazini. Utenzi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo huko Pate, unatajwa kuwa wa mwaka 1728.

Lakini Mwamu, yaani mtu wa Lamu, naye asivimbe kichwa. Ni kweli kwamba Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta makazi ya tangu karne ya 8. Hata hivyo, misingi ya nyumba haisemi lugha, na ukale wa mji si cheti cha kuzaliwa kwa Kiswahili. Lugha hii ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Ngazija, na imekulia kwenye pwani ndefu yenye bandari nyingi. Anayetaka kuifungia kwenye bandari moja, iwe Unguja au Amu, anatafuta ushindi tu.

"Asemaye 'ndoo' badala ya 'njoo' amekosea."

Hii ndiyo dhana inayozaa ubishi mwingi kuliko zote, na ndiyo inayofanya vijana waliosoma waaibike mbele ya wazee ambao hawakusoma sana. Nimeishuhudia hapo Mkunguni, mbele ya ngome. Mzee kamwita kijana aliyekuwa akipita: "Ndoo, ukae kitako." Kijana, ametoka chuoni likizo, hakutoa hata salamu. "Ami, si ndoo, ni njoo. Ndoo ni ya maji."

Mzee hakumgeukia. "Haya mwanangu, itwae hiyo ndoo, wende kisimani ukateke. Ukiteka wewe, na swiswi hapa twateka."

Baraza nzima ikapasuka vicheko, na kijana akacheka pia kwa kuwa wenzake wanacheka. Nusu ya mzaha ilimpita juu ya kichwa. Kiamu, lahaja ya Lamu, husema kuteka kwa maana ya kucheka, na kuteka maji nako kupo pale pale; kwa hiyo mzee alimtuma kisimani na kumcheka kwa pumzi moja. Tena kwa sikio la Mwamu t hizo mbili hazifanani. Ile ya kucheka, ncha ya ulimi hugusa meno. Ile ya maji, ulimi hurudi nyuma kidogo. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi tofauti hiyo, ndiyo maana aliyejifunza Kiswahili chake kwenye karatasi haisikii.

Turudi kwenye kosa linalodaiwa. Palipo nj katika Kiswahili sanifu, mara nyingi Kiamu kina nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa, nje ni nde. Palipo ch, mara nyingi pana t: macho ni mato, nchi ni nti, mchanga ni mtanga, kucheka ni kuteka. Na kuchinja? Ni kutinda, ambako ch na nj zote mbili zimegeuka katika neno moja. Ulimi uliokosea hauwezi kukosea kwa mpango kama huo, neno baada ya neno, kizazi baada ya kizazi. Mato hayakutokana na macho, wala macho hayakutokana na mato. Yote mawili yametoka kwenye shina moja la kale, kila moja likashika njia yake.

Sisemi kwamba mwanafunzi aandike mato kwenye karatasi ya mtihani. Mtihani ni wa Kiswahili sanifu, aandike macho apate alama zake. Ninachosema ni kwamba kumfuata mtu nyumbani kwake, barazani kwake, ukamsahihishia lugha ya mama yake kwa rula ya shule, huko si kujua Kiswahili. Ni kujua kitabu kimoja.

"Mashairi ya zamani yana makosa ya mizani."

Hapa tunafika kwa wakosoaji ninaowapenda, maana angalau wanahesabu silabi, ndizo mizani zenyewe. Shida ni kwamba wengine wanahesabu vibaya. Chukua mshororo huu nilioutunga kwa mfano tu:

Mkosoa kila neno, la kwake halitazami

Mkosoaji asiye na subira atakwambia kipande cha kwanza kina mizani saba: mko-so-a, ki-la, ne-no. Ameimeza ile m. M ya mwanzo wa "mkosoa" inasimama peke yake kama silabi, kama ilivyo katika mtu na mti, kwa hiyo hesabu ni m-ko-so-a, ki-la, ne-no: nane. Kipande cha pili ni la-kwa-ke, ha-li-ta-za-mi: nane nyingine. Lakini usikimbilie kufanya kila m au n kuwa mizani. Ngoma ni mbili tu, ngo-ma, ilhali nti ni mbili pia, n-ti. Anayeyajua haya kwa sikio hahitaji vidole. Anayeyahesabu kwa macho atapotea kila siku.

Kosa la pili ni kudhani kwamba nane kwa nane ndiyo sheria ya ushairi wote. Hiyo ni ya shairi lile tulilozoea magazetini na redioni. Utenzi una mizani nane kwa mshororo mmoja, na mishororo minne kwa ubeti. Mitatu ya kwanza hushirikiana kina, wa nne huenda na kina kinachopita utenzi mzima. Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, haimo kwenye mojawapo ya vipimo hivyo: mshororo wake una mizani kumi, na pumziko baada ya mizani ya sita. Mtu akiipima Inkishafi kwa nane kwa nane ataambiwa, kwa upole wa Kiamu unaochoma, akapime kwanza kilemba chake.

"Malumbano ni ugomvi wa watu wasio na kazi."

Malumbano ni kujibizana kwa mashairi. Wakati wa vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, Mazrui, watawala wa Mombasa, pamoja na Wapate walikuja juu ya Lamu. Zama hizo za uhasama, mashairi nayo yalikuwa yakivuka bahari. Upande wa Mombasa alikuwako Muyaka bin Haji. Upande wa Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mngumi, aliyekuwa kiongozi na mshairi. Hao hawakuwa watu wasio na kazi. Vitani walishinda Waamu, hilo halina ubishi. Nani alishinda katika mashairi, muulize Mmvita kisha umuulize Mwamu, utapata majibu mawili.

Tungo za Muyaka zisingetufikia nyingi lau si mtu mwingine mwenye tabia ya ukosoaji mzuri: Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyezikusanya na kuzieleza, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor, katika karne ile ile ya 19. Huyu ndiye mkosoaji wa kuigwa, anayeuliza neno hili linatoka wapi na kwa nini limekaa hapa, kabla ya kulifuta. Halafu jina lenyewe ni Sikujua! Hata mtunzi wa vichekesho asingethubutu.

Malumbano yana kanuni zake. Aliyetupiwa shairi hujibu kwa shairi, na kwa bahari ile ile. Akijibu kwa matusi ya mdomo, ameshashindwa hata kama matusi yenyewe ni makali. Jina la mtu halitajwi waziwazi, hutumwa fumbo, na anayelalamika kwamba fumbo ni lake amejitaja mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1970, kampeni za ubunge huku Lamu zilizaa malumbano mengine makubwa, yaliyojulikana kwa jina la Kimondo. Safari hii yalirekodiwa kwenye kanda, na watu wakayasikiliza majumbani. Chombo kilikuwa kipya, mafumbo yalikuwa yale yale ya tangu babu.

"Baraza ni ya wanaume, kwa hiyo mizaha ni ya wanaume."

Nusu ya kwanza ina ukweli wake. Nusu ya pili inasemwa na mtu ambaye hajawahi kutumwa kitu mlangoni wakati wanawake wanapiga vugo. Vugo ni ngoma ya harusi ya wanawake, wanagonga pembe za nyati kwa vijiti, na katika nyimbo zake jirani, wifi na mama mkwe wanaweza kurushiwa vijembe wote kwa usiku mmoja bila hata mmoja kutajwa.

Halafu kuna leso. Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili pamoja, na kila kipande kina jina lake lililoandikwa, zamani kwa herufi za Kiarabu, siku hizi kwa hizi za Kilatini. Mwanamke atapita mlango wa hasimu wake amejitanda leso iliyoandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", amwamkie vizuri, amuulize habari za watoto, aende zake. Aliyeandikiwa afanye nini? Akikasirika, ataulizwa: "Kwani bibi, nguo yangu imekukosea nini?" Dawa pekee ni kwenda dukani kutafuta leso ya kujibu. Hapo wenye duka hufaidika.

Na wanaodhani utunzi wa kupima mizani ulikuwa wa wanaume peke yao wakumbuke kwamba tungo mojawapo mashuhuri kabisa kutoka visiwa hivi ni ya mwanamke, Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858.

Yako na madogo madogo. "Masaa si Kiswahili": wingi wa saa ni saa katika sarufi ya darasani, ndiyo, ila watu wengi hutumia masaa kwa muda unaopita na kuacha saa kwa ile ya mkononi, na wanaelewana vizuri. "Ukosoaji mwingi ni dalili ya elimu nyingi": kule Australia mhariri John Bangsund aliitunga mwaka 1992 kanuni ya mzaha kwamba ukiandika kukosoa uandishi wa mwenzako, maandishi yako nayo yatakuwa na kosa. Akaiita kanuni ya Muphry, kwa makusudi ameliharibu jina la Murphy, yule wa kanuni ya kwamba kinachoweza kuharibika kitaharibika.

La mwisho ni lile la waongoza watalii: "Ngome ya Lamu ilijengwa na Wareno." Ngome ilijengwa baada ya vita vya Shela, Lamu ilipokuwa imejiweka chini ya Omani, na ilikamilika karibu na mwaka 1821. Ikaja kuwa gereza mpaka 1984, kisha makumbusho. Wareno walikuwa wameshafukuzwa Mombasa kwa mara ya mwisho mwaka 1729. Mzee aliyemsikia kijana akiwasimulia wageni habari hiyo hakumkatiza mbele yao. Alingoja wageni waondoke, akamwita pembeni.

"Mwanangu, hao Wareno wako wamechelewa karibu miaka mia."

"Najua, ami," akajibu kijana. "Lakini nikiwataja Wareno, wageni hupiga picha zaidi."