Las Vegas: mwacheni mgeni aoge

Kazi yangu ni kukagua matumizi ya maji hotelini, na kila nikiitaja mbele za watu, mtu mmoja ataleta habari za Las Vegas. Haulizi, anashtaki. Mji uko jangwani, mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 100, wageni takribani milioni 40 huingia kila mwaka, na bado mbele ya hoteli ya Bellagio maji yanarushwa angani yakicheza muziki. Huo si ufujaji?

Huwa namrudishia swali: maji yakishatumika pale, yanakwenda wapi?

Karibu asilimia 90 ya maji ya mji huo hutoka mto Colorado, kupitia ziwa Mead lililozuiwa na bwawa la Hoover. Mgao wa jimbo la Nevada ni kiduchu: mita za ujazo zipatazo milioni 370 kwa mwaka, ilhali California ina haki ya zaidi ya mara 14 ya hizo. Ila kuna kanuni moja inayogeuza hesabu yote. Kwa kila lita ya maji ya mto iliyosafishwa na kurudishwa ziwani, mji unaruhusiwa kuchota nyingine. Kwa hiyo karibu maji yote yanayotumika ndani ya majengo, ya bafuni, chooni, jikoni na kufulia, hukusanywa, husafishwa, kisha huteremka kwa mkondo wa Las Vegas Wash hadi Mead. Mgeni akioga robo saa, maji yake yanarudi ziwani.

Simaanishi kwamba hakuna gharama. Ziwa liko chini, mji uko juu, na maji hayapandi yenyewe; kuyasukuma kunakula umeme, kuyapasha moto ndiyo zaidi. Lakini hiyo ni hesabu ya nishati, tusiichanganye na ya maji.

Kinachoumiza ni maji yanayopotelea hewani. Mla maji mkubwa kuliko wote ni nyasi. Ukiondoa mita moja ya mraba ya nyasi na kupanda mimea ya jangwani, unaokoa lita zipatazo 2,200 kwa mwaka. Mamlaka ya maji ya kusini mwa Nevada imekuwa ikiwalipa watu wang'oe nyasi zao tangu 1999, na hadi sasa zaidi ya mita za mraba milioni 18 zimeondolewa. Mwaka 2021 jimbo likapitisha sheria kali zaidi: kuanzia 2027 ni marufuku kutumia maji ya Colorado kumwagilia nyasi za mapambo zilizo nje ya makazi ya familia moja, yaani zile ambazo hazikanyagwi na yeyote isipokuwa anayezikata. (Las Vegas kwa Kihispania ni mbuga za majani. Chemchemi za asili zilizozinywesha mbuga hizo zilikauka mwaka 1962.)

Anayefuata ni kiyoyozi, na hapa ndipo hoteli zinapoingia kweli. Majengo makubwa mengi hupozwa kwa minara inayovukiza maji, na joto likivuka nyuzi 40, minara hiyo inakunywa mchana na usiku. Mvuke haurudi ziwani. Tangu 2023 majengo mapya ya biashara hayaruhusiwi kufunga mfumo huo. Naunga mkono, ingawa mfumo mkavu unataka umeme mwingi zaidi, na umeme huo ukitoka kwenye gesi, umehamisha tatizo tu. Ndiyo maana mashamba ya sola yanayojengwa jangwani humo nayahesabu kuwa sehemu ya habari ya maji.

Na zile chemchemi za kurusha maji za Bellagio? Hazinywi maji ya mto. Zina kisima chao, ambacho zamani kilimwagilia uwanja wa gofu uliokuwa papo hapo, na uwanja ule ulitumia maji mengi kuliko zinavyotumia chemchemi hizi. Zinavutia macho, basi zinabeba lawama. Mnara uko juu ya paa, nani atauona?

Chumbani nikikuta kadi ya kuniomba nitumie taulo mara mbili, nalitumia mara mbili, sina ugomvi nalo. Ila asubuhi nikikutana na fundi mkuu, ombi langu la kwanza ni anipandishe juu nikaone mita ya mnara wa kupozea, kama ipo.