Je, wajua kwa nini Celtel ilifuta gharama za romingi, yaani tozo za ziada za kutumia laini yako ukiwa nchi nyingine, Afrika Mashariki?

Septemba 2006 kampuni ya simu za mkononi ya Celtel ilianzisha huduma ya One Network kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mwenye laini ya Dar es Salaam akifika Kampala alipokea simu bure, akapiga kwa bei ya wenyeji, na salio likiisha alinunua vocha ya Uganda dukani, akaikwangua na kuiingiza kwenye laini yake ileile. Kwa nini kampuni iache pesa hizo?

Kwanza, pesa zenyewe hazikuwa nyingi. Mteja wa lipa kabla hana mkataba. Akifika Namanga au Busia alichomoa laini, akaweka ya nchi ya pili, na tangu hapo matumizi yake yote yangeweza kwenda kwa mshindani. La pili ndilo zito zaidi: Celtel ilikuwa nyuma ya Safaricom nchini Kenya, nyuma ya Vodacom Tanzania, nyuma ya MTN Uganda. Lakini hakuna kati ya hao watatu aliyekuwa na mtandao wake katika nchi zote tatu. Celtel ilikuwa nao, na ikachagua kushindana pale ambapo mkubwa wa kila nchi hakuweza kumfuata mteja.

Ugumu wa kiufundi uko kwenye salio. Salio la lipa kabla hukaa kwenye mitambo ya nyumbani, kwa hiyo mtandao wa ugenini lazima uulize kabla ya kuunganisha simu: laini hii ina kiasi gani, iruhusiwe dakika ngapi? Jibu lisipofika kwa wakati, simu haiendi. Vocha nayo hutambuliwa na mitambo ya nchi ilikouzwa, kisha thamani yake hugeuzwa kuwa sarafu ya laini husika.

Kupokea simu ndiko kulikowaumiza wasafiri zaidi. Anayepiga kutoka Dar hulipa bei ya kawaida, kwani hajui kwamba anayemtafuta yuko Kampala. Katika romingi ya kawaida, kipande cha simu kinachovuka mpaka hutozwa anayepokea. Mitandao ya wamiliki tofauti hudaiana kwa kipande hicho. Kwa Celtel, deni lilikuwa kati ya kampuni ndugu, hivyo uamuzi wa kulifuta ulikuwa wa ofisi moja.

Hatari ipo. Bei zikitofautiana sana, mtu hununua laini kwenye nchi ya bei nafuu na kuitumia mwaka mzima kwenye nchi ya bei ghali. Ndiyo maana kumtoza mgeni bei ya pale alipo, si ya alikotoka, ni kinga muhimu kuliko inavyoonekana.

Mwaka 2007 huduma ilifika Kongo zote mbili na Gabon, kisha nchi nyingine za Afrika. Safaricom, Vodacom Tanzania na MTN Uganda walijibu kwa kuungana katika huduma yao ya pamoja, Kama Kawaida. Tofauti ni kwamba wao, kwa kila bei, walilazimika kwanza kukubaliana.