Kilele halisi cha kilima, na jinsi data za leza zinavyokitafuta

Kilele halisi ni ile sehemu ya ardhi asilia ya kilima iliyo juu kuliko nyingine zote. Si pale penye mandhari nzuri, si penye rundo la mawe lililopangwa na wapandaji, wala si lazima pawe penye nguzo ya wapima ardhi. Mlima wenye ncha kali haukupi taabu: ukifika nchani umefika. Taabu huletwa na vilima vipana, ambavyo mgongo wake umelala tambarare na una vinundu viwili vitatu vinavyozidiana kwa upana wa kiganja.

Kwenye kilima cha namna hiyo jicho ni shahidi mbovu. Ukisimama kwenye kinundu cha kwanza unaweza kuapa kwamba kile cha pili kiko juu zaidi. Ukivuka mpaka huko na kugeuka, ulikotoka ndiko kunakoonekana kumeinuka. Ramani ya karatasi nayo haisaidii sana. Mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ikipishana kwa mita 10, basi vinundu vyote vilivyomo ndani ya mstari wa mwisho havitofautishwi, hata kama eneo hilo lingetosha viwanja kadhaa vya mpira. Ile namba iliyochapwa juu ya kilima mara nyingi ni kimo cha nguzo ya upimaji. Huko Uingereza, ambako nguzo za zege zilianza kusimikwa mwaka 1936, kilichotakiwa ni mpimaji aweze kuziona nguzo nyingine kutoka hapo aliposimama. Kama sehemu ya juu kabisa ilikuwa hatua mia pembeni na haikuwa na mwonekano mzuri, nguzo ilijengwa kwingine.

Kilichobadilisha mambo ni laida, yaani upimaji wa ardhi kwa leza kutoka angani. Ndege hupita ikirusha mapigo ya leza, malaki kwa sekunde moja, na chombo kinapima muda ambao kila pigo limetumia kwenda na kurudi. Katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde mwanga husafiri sentimita 30 hivi. Kwa kuwa safari ni ya kwenda na kurudi, kuukosea muda kwa kiasi hicho kidogo ni kuukosea umbali kwa sentimita 15. Wakati huohuo setilaiti na vihisi vya mwendo hurekodi ndege ilikuwa wapi na imeinama kiasi gani. Kinachopatikana ni wingu la nukta, kila nukta na mahali pake na kimo chake.

Kutokana na wingu hilo hutengenezwa vielelezo viwili. Cha kwanza ni cha uso wa juu, pamoja na miti, majani na mapaa. Cha pili ni cha ardhi tupu, baada ya programu kuviondoa vitu hivyo. Anayetafuta kilele huanza na hiki cha pili: anakifungua kwenye programu ya ramani kama QGIS, ambayo ni ya bure, anachora kontua za kila sentimita 10, kisha, kwa kuwa kielelezo kimegawanywa katika miraba midogo na kila mmoja una namba ya kimo chake, anatafuta mraba wenye namba kubwa kuliko yote. Kazi ya dakika chache. Wengi huishia hapo na kutangaza kilele kipya, na hapo ndipo wanapojikwaa.

Kwanza, programu inayoondoa miti haijui jiwe ni nini. Hutazama miinuko ya ghafla tu. Jabali lililochomoza wima kileleni linaweza kukatwa kama nyumba, na kilele kikahamia kwenye nyasi za jirani. Kinyume chake pia hutokea: kichaka kizito ambacho leza haikupenya, au ukuta mpana wa mawe, hubaki na kuhesabiwa kuwa ardhi. Pili, mraba wa mita 1 una namba moja tu. Mwamba wenye upana wa nusu mita unaweza kumezwa na wastani wa kilichouzunguka, au leza ikaukosa kabisa. Ndiyo maana ni vizuri kurudi kwenye nukta zenyewe, kulinganisha vielelezo vyote viwili, na kutazama picha ya angani ya mahali hapo.

Tatu ni kosa la kipimo. Data za mraba wa mita 1 ambazo Environment Agency, wakala wa mazingira wa England, huzitoa bure zina kosa la kimo la takriban sentimita 15. Kinundu kimoja kikimzidi mwenzake kwa sentimita 8, data hizo hazijaamua lolote. Ila kuna nafuu: sehemu kubwa ya kosa hutokana na mahali ndege ilipodhaniwa kuwa, kwa hiyo vinundu vya jirani vilivyopimwa katika mpito mmoja hukosewa kwa namna moja, na tofauti kati yao huaminika zaidi kuliko kimo cha kila kimoja. Vikiwa katika mipito tofauti, au miaka tofauti, nafuu hiyo haipo.

Kwa hiyo leza hupunguza wagombea, na mwamuzi wa mwisho huwa ni leveli, ile darubini ya kupimia usawa inayokaa juu ya miguu mitatu. Mmoja anachungulia, mwenzake anahamisha fito yenye vipimo kutoka jiwe hadi jiwe. Kwa umbali mfupi, tofauti husomeka kwa milimita.

Kuna maswali ambayo hakuna leza wala leveli inayoweza kuyajibu. Denmark ni mfano mzuri. Kilima cha Yding Skovhøj hufika mita 172.54, lakini kimo hicho kimebebwa na kilima cha kaburi la kale kilichorundikwa na watu. Bila hicho ni mita 170.77. Mwaka 2005 vipimo vipya vilionyesha kwamba Møllehøj, chenye mita 170.86, ndicho kilele cha juu cha asili nchini humo. Tofauti ni sentimita 9, na yote hutegemea neno “asili”. Kwa maoni yangu udongo uliobebwa na binadamu hauhesabiki, hata kama umekaa hapo tangu Enzi ya Shaba.

Mahali pa kilele na kimo chake pia ni mambo mawili. Calf Top, kilima cha kaskazini mwa England, kilikuwa kinakosa sentimita chache kufikia futi 2,000, yaani mita 609.6, ambazo huko wengi huzichukua kuwa mwanzo wa mlima. Mwaka 2016 Ordnance Survey, taasisi ya ramani ya Uingereza, ilitangaza kwamba kina mita 609.606. Hakuna jiwe lililoongezwa. Kilichorekebishwa ni kielelezo cha usawa wa bahari, ambao vimo vyote huhesabiwa kutoka kwake. Mlima kwa milimita sita! Marekebisho kama hayo hupandisha au kushusha kilima kizima kwa pamoja, kwa hiyo jiwe lililokuwa la juu hubaki kuwa la juu.

Barafu ni habari nyingine. Kilele cha kusini cha Kebnekaise, Sweden, kimefunikwa na barafu inayoyeyuka, na mwaka 2019 kilipimwa kikawa chini ya kile cha kaskazini, ambacho ni mwamba mtupu. Kwenye mlima wa namna hiyo, tarehe ya vipimo iandikwe kando ya kimo.